Kipanga wa Ghorofa ya Tisa

Saa moja na robo, Februari inaisha, Poznań ina ukungu.
Narudi kutoka zamu ya usiku,
unga wa mkate bado kwenye nyusi,
namkuta ameshatua.

Ukingo wa dirisha hauzidi shubiri.
Kipanga, kifua michirizi,
amemkanyaga njiwa wa uwanja wa kanisa,
anamnyonyoa bila haraka,
kama mtu achambuaye mchele wa wageni.

Kioo kimoja tu kati yetu.
Jicho lake la manjano linanipita
kama tramu isiyosimama kituoni kwangu.
Sijawahi kudharauliwa vizuri hivyo.

Manyoya yalimwagikia ghorofa ya nane,
juu ya shuka za Bi Bogumiła.
Jumanne akapanda, ufagio mkononi,
matusi ameshayapanga.
Nikamwonyesha kwa kidevu.
Akanyamaa.
Ufagio akauegemeza ukutani, na hadi leo uko pale.
"Marehemu Zenon alikula hivyo hivyo," alisema,
"amewapa watu mgongo."

Siku hizi anakuja na birika lake.
Hatuwashi taa. Kikohozi tunakimeza.

Leo siku ya tisa, kipanga hajatokea.
Huko chini njiwa wamenenepa,
wanatembea kama wenye nyumba.
Unyoya mmoja umegandia kwenye kioo kwa barafu,
upepo ukipita unatikisika,
na kila ukitikisika
sote wawili
tunaweka vikombe chini.