Baba Yangu Ni Kuku

Darasa letu liko ghorofa ya tatu, mjini Taebaek,
mji wa makaa ya mawe yasiyochimbwa tena,
juu ya duka la kuku wa kukaanga.
Saa kumi alasiri harufu hupanda ngazi
na kukaa kitini
kabla ya wanafunzi.

Mlangoni tunavua viatu, tunavaa ndara.
Na neno la Kiingereza likiingia kwetu
nalo huvishwa ndara, haliachwi peku:
irabu moja nyuma, ya kukanyagia sakafu.
"Ticha, dogu! Ticha, keiku!"
Nilipigana na irabu ile wiki tatu nzima.
Wiki ya nne nikajisikia kwenye simu
nikimwambia mama yangu, kule Sligo,
"Mama, leo nimekula keiku."

Iru ana miaka minane na pengo la meno mawili.
Kwake r na l ni mapacha:
akiita mmoja, anaitika mwingine.
"Iru, asubuhi ulikula wali?"
"Ndiyo, ticha. Chawa."
"Chawa?"
"Chawa. Bakuli mbili."
Nikamchora chawa ubaoni, mkubwa kama kobe,
miguu sita, jicho kali,
nikarudi nyuma nikingoja aibu imshike.
Iru akainamisha kichwa, akaukagua mchoro,
kisha akasema kwa upole,
kama anayemwamkia mgonjwa,
"Ticha. Wa kwetu hawana miguu."

Kwa kicheko hicho Taegeon akapinduka na kiti chake.
Puu! Chali. Pua inavuja damu.
Nikapiga magoti, nikasahau somo,
nikamuuliza kama mtu anavyomuuliza mtu:
"Taegeon, hali yako?"
Kumbe sentensi hiyo imo ukurasa wa kwanza.
Akainuka, akasimama wima kama mlingoti,
mikono ubavuni, damu ikifika mdomoni:
"Mimi mzima, asante. Je, wewe?"
Na darasa lote, kwa mazoea,
likasimama likamjibu.

Mimi sikuwa mzima.
Nilikuwa nimekaa sakafuni, nalia kwa kucheka,
na kitambaa cha pua nimejifutia mwenyewe.

Solbi hacheki. Solbi hasemi.
Tangu Machi, muhula ulipoanza,
hadi miginko ya barabarani ilipogeuka manjano,
sikuwahi kusikia sauti yake
ila ya kifutio, akifuta.
Siku ya somo la familia zamu ikazunguka:
baba yangu ni daktari,
baba yangu ni dereva wa treni,
baba yangu ni, ni, ticha, amelala.
Solbi akasimama.
"Baba yangu ni kuku."

Kimya. Kisha madawati yakapigwa ngoma.
Lakini harufu ilikuwa imeshapanda ngazi
kumtolea ushahidi.
Nikaandika ubaoni neno lililopungua, *hukaanga*.
Akalitazama. Akalipima urefu.
"Baba yangu ni kuku," akarudia,
akakaa.

Ijumaa yake kuku mwenyewe akaja,
aproni kiunoni, boksi la moto mikononi,
akainama mpaka nikaona utosi wake.
Nami, kwa kiburi cha Kikorea cha miezi minane,
nikainama chini zaidi.
Sasa, asante na kiazi, katika lugha yao,
hutenganishwa na herufi moja,
na herufi hiyo na mwenzake
hutenganishwa na kijistari.
"Kiazi," nilimwambia. "Kiazi sana.
Kwa niaba ya wanafunzi wote, kiazi."

Baba mtu akameza mate, akainama tena.
Na nyuma yangu, kwa Kiingereza safi
kisicho na ndara hata kidole kimoja,
sauti ndogo ikasema,
"Ticha. Rudia."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, boksi huja
na kuku, na pembeni, vimefungwa peke yake,
viazi vinne vya kuchemsha.
Neno sahihi nalijua.
Solbi amenifundisha mbele ya kioo cha chooni,
ulimi wapi, meno wapi.
Lakini viazi vile, jamani, vina chumvi ya kiasi,
na baba yake akitokea mlangoni
mimi huinama, nikakosea.