Tarakimu ya Pili

Sjoukje aliniletea mashine yake ya kusakia chuma
imeviringwa taulo kama mgonjwa wa homa.
Nikaitikisa. Ikajibu: chwa, chwa.
"Lakini kibandiko kinasema haiingii maji."
Kinasema. Kibandiko husema mengi
kwa anayekisoma hadi mwisho.

Nikavaa miwani. Sita, na saba.
Sita ni ya vumbi; hapo lala usingizi.
Saba ndiyo ya maji, na saba ina masharti:
kina cha mita moja, nusu saa,
maji ya bomba yaliyotulia tangini,
na mtu wa maabara kasimama, saa mkononi.
Wimbi halikuwepo.
Chumvi haikualikwa.

Nane ingekwenda mbali zaidi,
lakini nane nayo uiulize: mbali kiasi gani?
Kila kiwanda hutaja kina chake,
huyu mita tatu, yule mita kumi,
na aliyenyamaza usimkopeshe imani.
Ukikuta X mahali pa namba
usidhani ni sifuri, wala usidhani ni sifa.
X ni mtu anayesema: hapa hatukupima.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake;
wao angalau wamekiri hawakuyafika.

"Ulisimama wapi?"
Akaonyesha kiunoni. Kisha, kwa haya, kifuani.
Ng'ambo ya tuta la Harlingen, bahari ikijaa.
"Na vipokea sauti?"
"Nilivivaa."
Hivyo ni tano na nne, huvumilia manyunyu,
havijui kuogelea.
Ile sahani ya chini, inayonusa chuma,
huzama mchana kutwa isidhurike,
na watu wakiiona hivyo
hudhani ukoo mzima ni samaki.

Nikafungua skrubu nne.
Nyumba yangu haina mlango:
yai, ndiyo, kila mtoto anajua.
Lakini yai halitiwi betri.
Hii ina mlango, na mlangoni pete ya mpira mweusi,
na juu ya pete chembe ya mchanga,
moja, ndogo kuliko ubishi wetu.
Hapo ndipo bahari ilipopita,
kijiko kimoja cha chai.
Shaba yote imeota kijani.

Nikamuuliza alikuwa akitafuta nini.
"Pete. Yangu.
Niliirusha mwenyewe kutoka ngazi za tuta,
mwaka juzi, Douwe akinitazama.
Simtaki Douwe. Dhahabu imepanda bei."
Akacheka peke yake, akaacha.
"Na sisi tuliapa tangini," akasema.
"Nusu saa. Mchungaji kashika saa."

Sikumjibu. Nilikuwa nasugua bodi kwa spiriti
na mswaki wa zamani wa binti yangu.
Haikupona; nilimwambia kweli.
Nikamwazima ya kwangu, kuukuu, isiyo na namba hata moja,
nikamwandikia nyuma ya risiti saa ya maji kupwa:
kumi na robo, alfajiri ya Alhamisi.
Nenda bahari ikiwa haipo. Tembea juu ya tope.
Ukisikia mlio usishtuke,
mara nyingi ni kizibo cha bia.

Akaichukua. Akanunua na pete ya mpira,
yuro mbili na senti hamsini,
sijui ya nini, mashine yenyewe imeshakufa.
Mlangoni nikamwona akiijaribu kidoleni.
Ilimpwaya.