Baiskeli Isiyojua Mteremko

Niliikuta Sido, Mwanjelwa, imelazwa juu ya baiskeli za watoto
kama mgeni mrefu aliyepewa kitanda kifupi.
Haina breki. Haina gia. Haina karia, haina hata kengele.
Usukani umejikunja chini mithili ya pembe za kondoo dume,
na kwenye fremu, karatasi iliyobanduka nusu: 47.

Asajile muuzaji hakunificha:
"Dada, hii ina ugonjwa. Gurudumu likizunguka,
pedeli nazo zinazunguka. Haziachi. Nimetia mafuta, wapi!
Chukua kwa tisini, nipate pa kukalia."
Nikaigonga fremu kwa ukucha, kama mtu agongavyo chungu kabla ya kulipa.
Ikalia mlio mmoja mrefu, usio na ufa.
Nikatoa sabini na tano. Akazihesabu mara mbili, akacheka.

Nikaikokota hadi Mafiati kwa fundi Gwamaka,
asiyesalimia mtu kabla hajasalimia chuma.
Akainyanyua kwa kidole kimoja.
Akanyamaza. Akaenda kunawa mikono,
kisha akaishika upya.
"Nani kakwambia mbovu? Hii ilizaliwa uwanjani,
kule wanakokimbia duara, mbao chini, paa juu,
hakuna mlima, hakuna ng'ombe, hakuna lori la saruji.
Breki ya nini? Unayemkimbia ndiye unayemfukuza."
Akatazama nje. Loleza imejitanda ukungu hadi mabegani.
"Maskini. Na imekuja kuolewa Mbeya."

Nikamwambia atoboe uma, tufunge breki.
"Sitoboi. Chuma cha namna hii ukikitoboa, kinakumbuka."
Akachonga kibano kwa bawaba ya mlango.
Frewili akaing'oa kwenye Foniksi iliyokufa,
meno ishirini na mawili
mahali pa yale kumi na matano ya kiburi;
mnyororo ukapwaya ufupi, tukauunga pingili nne
za rangi nyingine, zinaonekana hadi leo.
Gololi za kitovu tulizimwaga kwenye sahani,
nikazihesabu kama ninavyohesabu vidonge zahanati:
kumi na nane. Mbili zina chunusi. Tupa.
Tyubu ya ukubwa wake haikupatikana mjini kote.
Ilitoka Tunduma kwa basi, imeviringishwa gazetini,
na kondakta akadai soda.

(Gwamaka bado ananidai elfu nane.
Hasemi. Ila akiniona anaibonyeza tairi, anaguna.)

Jumapili naigeuza uani, magurudumu juu.
Julai ni vumbi, linakula mnyororo polepole kama mdeni mpole.
Machi ni tope, halina upole.
Nafuta pingili moja moja kwa pindo la sare ya zamani,
nachezesha spoku, nasikiliza iliyolegea.
Jirani yangu Tusekile anaegemea ua:
"Sawa, inang'aa. Viazi utavibeba wapi?"

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku,
usiku wa wajawazito watatu na taa moja,
sikwenda kulala. Nikapanda kutoka Uyole.
Mlima wa Isyonje niliikokota mara mbili, sioni haya.
Juu kule baridi inauma masikio,
akina mama wamepanga ndoo za viazi kando ya lami,
mmoja akaniuliza, "Unafukuzwa?"

Kisha barabara ikainama kuelekea Kiwira.
Mguu wangu wa kulia ulitaka kuendelea, kwa mazoea.
Nikauzuia.
Pedeli zikasimama. Gurudumu likaendelea,
tiki tiki tiki, kama nyenze aliyemezwa.
Mizunguko yote ile, miaka yote ile chini ya paa,
haikuwahi kubebwa na kitu kisichokuwa mguu wa mtu.
Mashamba ya viazi yakapita, ikaanza migomba,
machozi yakanitoka, ni upepo,
andika ni upepo.

Kona ya kwanza niligusa breki. Ikatii.
Ya pili nikaiachia.