Lita ya Kwanza

Jana nimemaliza mkataba.
Siku mia nne na ishirini, elfu nane kila jioni,
mvua si udhuru, msiba si udhuru.
Bosi Magesa amenipa kadi ya pikipiki
kama mtu anayekukabidhi ng'ombe
aliyemkamua hadi damu.

Muda wote huo oili alichagua yeye:
ile ya kupimwa kwa kikombe kule Igoma
kutoka kwenye pipa lisilo na jina,
nyepesi kama chai ya msibani.
Mimi nilikuwa mguu wa gia tu.
Nikisema, "Bosi, injini inagonga,"
husema, "Punguza mwendo."

Leo nimeshuka mjini kwa miguu,
makusudi, ili nirudi nimeibeba mwenyewe.
Dukani, nyuma ya Barabara ya Pamba,
makopo yamejipanga kama wanakwaya,
na mkono wangu ukaenda moja kwa moja
kwa lile la dhahabu lenye picha ya gari la mashindano.
Devota, mwenye duka, akakohoa.
"Hiyo ni ya magari. Imelainishwa kupita kiasi.
Klachi ya pikipiki inaoga mafuta yaleyale ya injini;
ukiipa hiyo itateleza.
Utakuwa mlima wa Bugando na abiria,
injini inalia, tairi halisikii."

Nikaelewa. Nimewahi kuishi na watu wa hivyo.

"Tafuta M na A, nyuma,
maandishi madogo kuliko bei.
Na kizibo ukikuta kimeshaguswa, rudisha, hata kama nimekuuzia mimi."

Ishirini, W, hamsini.
Nyumbani Minza akauliza, W nini?
Ni baridi, nikamwambia kama nilivyoambiwa:
namba ya kwanza ni ya injini ikiwa imelala,
ya pili ni ya injini ikichemka.
"Baridi ya wapi, baba?"
Hapo sikuwa na jibu. Baridi yetu Mabatini
ni ile ya alfajiri, upepo ukipanda kutoka ziwani,
inayokwisha kwa kanga moja.
Lakini hamsini naijua:
jua la saa nane, mama na mtoto na gunia la dagaa,
na kilima ambacho hakijawahi kumhurumia mtu.

Sasa tatizo ni kwamba oili hupimwa
pikipiki ikiwa imesimama sawasawa,
na nyumba yetu imening'inia kwenye mawe kama pimbi.
Sehemu tambarare ni moja tu, jiwe la Nyanzobe,
anapoanikia dagaa.
Tulijadiliana tangu asubuhi hadi adhuhuri.
"Tone moja," akasema, "tone moja tu,
na leo utakula ugali kwa spana."

Nikaiwasha dakika tatu ipate joto.
Beseni chini, gunia chini ya beseni,
gazeti chini ya gunia.
Spana kumi na saba. Nati ikagoma, ikalia, ikakubali.

Ikatoka.
Nyeusi, jembamba, bila aibu.
Nikachovya kidole, nikakiinua juani:
chembe zinang'aa, laini kama vumbi la bati.
Ni injini yangu hiyo,
kabla haijawa yangu.

Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Bwire, jirani, ameomba ile chafu
apake nguzo zake, mchwa wamemshinda.
Nimempa yote; mtaro wetu unaingia Mirongo,
Mirongo unaingia ziwani,
na ndoo zetu tunazijaza wapi?

Kisha kopo. Kizibo kikatoa mlio mdogo, safi.
Chupa ya maji iliyokatwa ndiyo mrija wangu,
na oili ikashuka taratibu, rangi ya samli,
haina haraka na mtu.
Kijiti nikakifuta, nikakichomeka, nikakitoa:
katikati ya alama mbili.
Nikapiga kiki. Bado inagonga,
ila sasa inagonga kwa sauti ya chini,
kama anayebisha hodi kwake mwenyewe.

Minza ameandika mlangoni kwa chaki:
41,306.
Na Nyanzobe amepiga magoti juaní pale,
hasemi kitu,
ananusa jiwe.