Milimita Tatu

Gent, Novemba, mvua imegoma kukoma.
Godelieve amepiga goti gerejini, tochi mdomoni,
anaikagua shingo mpya ya usukani
juu ya bomba la uma.

Bomba lisifike ukingoni. Liishie chini kidogo,
milimita tatu, unene wa sarafu mbili.
Anaongeza bangili moja, anapima tena.

"Skrubu ya juu haibebi mtu, Wannes.
Kazi yake kuzivuta beringi zikae, basi.
Wanaokushika ni hawa wawili wa ubavuni:
kidogo huku, kidogo kule,
usimwonee mmoja."

Mvulana anataka kukaza mpaka ilie.

"Ikilia, imeshakufa."

Breki ya mbele. Anasukuma, anasukuma.
Hakuna kinachogonga.

Nje, mawe ya barabara yamelowa.
Wannes anazigusa nyuzi tano za kidevuni,
anachukua kofia.