Swali la Arobaini na Moja

Maombi yao yamefika Mtumba na mhuri wa bluu,
kurasa mia sita na kumi na mbili, zimefungwa kamba
kama mbuzi wa mnadani Msalato.
Wanaomba kibali cha kuongeza nguvu za kinu
kwa asilimia saba.
Saba tu. Wameiandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kisha wakaitia kwenye mabano, isije ikatoroka.

Mimi ni mzaliwa wa Mvumi. Kinu nilichokijua kwanza
kilikuwa cha mninga, mlangoni mwa jiko la mama.
Uwele ukizidi, mchi ulibadili sauti,
hata mtoto aliyelala akajua.
Hiki cha Nghulugano hakibadili sauti.
Husema kwa majedwali.

Basi nasoma majedwali.
Bomba la mvuke: unene umepungua milimita mbili
tangu kinu kiwashwe.
Pampu ya tatu: inatetema, ila
“ndani ya mipaka inayokubalika”.
Pembeni nimeandika: inayokubalika na nani?

Chungu ni kilekile, wahandisi wangu.
Zinazoongezwa ni kuni.

Maswali arobaini nimeyauliza kwa adabu,
kila moja na kifungu chake cha kanuni.
Kisha nikafika ukurasa wa 388, mstari wa nne kutoka chini,
mstari mfupi, umekaa kimya kama mgeni asiyealikwa:
maji ya bwawa yataingia kupoza mitambo
yakiwa na nyuzi joto ishirini na nne.

Ishirini na nne.

Nikamkumbuka Ndahani Chidawali, mpima maji,
anayeshuka bwawani alfajiri na tena saa nane mchana
na kipimajoto alichokifunga kwa uzi wa fundi viatu.
Daftari lake ni la shule, la mistari,
nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Nilipokwenda kukagua alinipa nilisome, akaendelea kukamua matope kwenye kanga.
Oktoba ya mwaka jana: ishirini na nane.
Ishirini na nane. Ishirini na nane na nusu.
Na kando, kwa penseli:
*maji yamerudi mpaka nguzo ya pili,
kambare wanahema juu.*

Katika kurasa zote mia sita na kumi na mbili
hakuna kambare.

Mkurugenzi amepiga simu mara mbili.
“Yudith, nchi inasubiri.”
Najua inasubiri. Nchi hiyo inakaa Nkuhungu,
nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga.
Juzi jokofu lake limemwaga maji ya samaki mpaka sebuleni,
na mashine imekaa siku nzima bila kunguruma,
foleni ya ndoo za mahindi imefika barabarani.
Hiyo asilimia saba naitaka.
Naitaka kuliko waliokuja kuiomba na gari lenye kiyoyozi.

Jana saa mbili usiku umeme ukakatika
nikiwa katikati ya neno *onyesheni*.
Lameki akasogeza tochi ya simu kwenye karatasi zangu,
hesabu zake akaziacha gizani.
“Mama, unawanyima?”
Nawauliza.
“Si ni kitu kilekile?”

Nikatafuta kofia ya kalamu. Ilikuwa mkononi.

*Swali la 41. Onyesheni namna kinu kitakavyopozwa,
kwa nguvu mnazoomba,
kwa maji ya mwezi wa kumi,
nyuzi ishirini na nane na nusu,
bwawa likiwa kwenye nguzo ya pili.
Msitumie wastani wa mwaka.
Ambatisheni daftari la mpimaji, kurasa zote,
pamoja na maandishi ya penseli.
Oktoba haijui wastani.*

Huo mstari wa mwisho nitaufuta asubuhi,
si lugha ya ofisi.
Lakini usiku huu, kwa mwanga wa simu
iliyobakiza chaji asilimia tisa,
nimeuacha ukae.