Daftari la Uji, Kibaigwa

Mkanda uliletwa sokoni Jumanne.
Unameza gunia huku, kule unalitema ndani ya lori,
hauguni, haudai chenji.

Ndahani kakalia gunia tupu,
lile la kutandika begani.
Bega la kulia bado limeinama
kana kwamba mahindi hayajashuka.

Bosi anasema hela sasa zinajiendea,
simu kwa simu, hata karani kaondoka.
Sawa.
Lakini mkanda haunywi uji.

Jana nilirudi na ndoo nzito,
mara ya kwanza tangu kifuku.
Leo Ndahani kashika kikombe:
"Andika."
Nikaandika. Ukurasa ukajaa.
Nikaufunua,
na nyuma yake, kwa mwandiko wangu,
deni langu
kwa mwenye mashine ya kusaga.